Mbao Nyepesi za Doña Nohemí

Kifuniko cha sufuria kililia gizani, Yesenia akifunga tortilla za safari. Kulipopambazuka, yeye na bintiye mdogo Karlita walikuwa ndani ya basi la kwenda mjini Juticalpa. Mbele yao Doña Nohemí, aliyeanza kujifunza useremala ukubwani, alikuwa akimwonyesha jirani yake mbao nne.

"Mbao za mti wa guapinol, za meza yangu ya kwanza ya kazi. Ngumu, na bei poa!"

Jirani huyo, Don Fausto, fundi mkongwe, akazikwaruza kwa ukucha, akanusa. "Umezipandisha kwenye basi na nani?"

"Peke yangu. Kwani unaniona mgonjwa?"

"Mama, guapinol ni nzito, ingekuvunja kiuno. Hii ni mahogani ya msituni. Kibali cha misitu unacho?"

"Kibali gani tena?"

"Basi umeuziwa jela."

Mbele, askari wa misitu walikuwa wamefunga njia. Nohemí akamgeukia Yesenia. "Binti yangu, nisitiri."

Yesenia alijua anayeficha hufungwa pamoja na mwenye mali. Lakini Nohemí alikuwa tayari akimsukumia mbao. Akainua miguu, mbao zikaingia chini ya kiti, akazifunika kwa sketi yake.

Basi likasimama. Askari akapanda, akauliza nani ana mbao.

Karlita akajibu kwa sauti, "Ziko chini ya miguu ya mama."