Fortunate Kembabazi na Risasi Asiyoijua

Wasikilizaji wapendwa, mimi ni Zahor, na leo kipindi kizima ni cha mtu mmoja. Fortunate Kembabazi. Mnaopeleka watoto shule kule Al Twar mnamjua kwa sura: yule mlinzi mrefu wa langoni, aliyekuwa akichechemea kidogo mguu wa kulia. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, hapahapa Dubai. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja.

Kabla ya kuwa mlinzi, Fortunate alikuwa askari. Dereva wa lori la jeshi. Mwaka 2011 alikuwa na kikosi cha kulinda amani, nje ya kwao Uganda. Asubuhi moja, msafara ukiwa njiani, lori lake lilipinduka. Yeye alitolewa akiwa hajitambui. Mwenzake aliyekaa kiti cha pembeni, Lukman Kigozi, alikufa palepale.

Alizinduka siku ya tatu, hospitalini. Ajali yenyewe hakuikumbuka. Wakamwambia lori lilimshinda kwa sababu ya mwendo. Walikuwa wamemshona majeraha, wamemfunga mkono uliovunjika, na majeruhi wengine walikuwa wanangoja kitanda. Wakamletea karatasi iliyoandikwa ajali ya barabarani. Fortunate akatia sahihi. Halafu akamwandikia barua mama yake Lukman, kwa mkono wake: mimi ndiye niliyemuua mwanao, nisamehe. Hakujibiwa.

Wasikilizaji wapendwa, mwanamke huyu aliishi miaka kumi na tatu akiamini kwamba ameua mtu. Miaka kumi na tatu.

Aliacha jeshi, akaja Dubai mwaka 2015. Alikaa Rashidiya, chumba kimoja na binamu yake Lillian, anayefanya kazi hotelini. Lillian anasema Fortunate hakushika usukani tena. Hata kwenye teksi alikaa nyuma na kufumba macho.

Na hapa mjini alikuwapo Shafiq, mdogo wake Lukman, mpakia mizigo katika bandari ya Al Hamriya. Waganda wakikutana kwenye msiba au harusi, Fortunate akiingia, Shafiq alitoka. Kila mtu aliliona hilo. Hakuna aliyelisema.

Basi, Novemba mwaka juzi, Fortunate akateleza kwenye ngazi za shule. Akapelekwa kliniki kupigwa picha ya nyonga. Mpiga picha, kijana wa Kiarabu aitwaye Walid, akaitazama, kisha akamuuliza, kama mtu anayeuliza saa: "Madam, ulipigwa risasi lini?"

Fortunate akajibu kwamba hajawahi kupigwa risasi. Walid akamgeuzia kioo cha kompyuta. Kulikuwa na kitu chenye ncha, kimelala ndani kabisa ya nyonga ya kulia. Walid alitoka kwenye nchi iliyopigana vita, picha za namna ile alikuwa ameziona nyingi.

Lillian ananisimulia: "Alirudi akakaa kitandani na viatu vyake. Akaniambia, Lillian, mtu alinipiga risasi nikiwa naendesha. Akarudia mara tatu."

Wiki ileile aliandika maombi kwa jeshi, nyumbani Uganda, ya medali ya waliojeruhiwa vitani. Wengine walisema anatafuta sifa. Lakini Fortunate alijua jambo moja. Ili wampe medali ile, lazima kwanza wakubali kwamba msafara ulishambuliwa. Na kama ulishambuliwa, basi si yeye aliyemuua Lukman.

Jibu lilichukua miezi minne. Kamati ya medali ilisema sahihi yake ipo, na yeye mwenyewe alikubali kuwa ni ajali. Picha inaonyesha chuma tu. Lori lililopinduka lina vyuma vingi.

Akamfuata Shafiq bandarini, saa ya chakula cha mchana. Akamweleza yote, wamesimama katikati ya magunia na majokofu yaliyofungwa kamba. Shafiq alimsikiliza hadi mwisho.

"Unataka medali kwa damu ya kaka yangu," akasema. "Na ile barua uliyomwandikia mama, iliandikwa na nani?"

Akarudi kazini. Fortunate alimwambia Lillian kwamba Shafiq ana haki, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewapa maneno hayo.

Njia ilibaki moja: kuitoa risasi yenyewe, ionekane. Daktari wa upasuaji hakumficha kitu. Risasi imelala karibu na mshipa mkubwa wa damu. Anaweza kuzeeka nayo. Akiitoa, anaweza kuvuja damu mezani, au damu kuganda wiki kadhaa baadaye. Lillian aligombana naye, wakakaa siku mbili hawasemeshani chumba kimoja.

"Nilimwambia Lukman hatafufuka," anasema Lillian. "Akanijibu, najua, lakini mama yake yuko hai."

Februari mwaka huu, saa mbili asubuhi, akaingizwa chumba cha upasuaji. Waliambiwa kazi itachukua saa moja na nusu. Saa mbili zikapita. Saa ya tatu, muuguzi akatoka mbio na kurudi na mifuko ya damu. Hakuna aliyemwambia Lillian neno. Kwa hasira akampigia Shafiq. Akamwambia, huyu akifa, wewe ndiye utakayempigia mama yake.

Shafiq alikuja na nguo za kazi. Akakaa viti viwili mbali naye. Hawakusalimiana.

Saa ya nne daktari akatoka. Fortunate yuko hai. Mkononi daktari alikuwa na kichupa. Kwa sheria za hapa lazima polisi waje wakichukue, lakini aliwaacha wakione. Ilikuwa risasi. Si kipande cha lori. Risasi.

Shafiq aliuliza swali moja tu, iliingilia upande gani. Daktari akasema ubavu wa kulia. Upande wa mlango wa dereva, maana malori ya kwao usukani uko kulia. Shafiq akakaa chini, sakafuni.

Ripoti ya daktari na karatasi ya polisi yenye muhuri zilitumwa kwa kamati. Baada ya wiki sita jibu likaja. Medali alinyimwa, muda wa maombi ulifungwa zamani. Lakini kumbukumbu zimesahihishwa: msafara ulishambuliwa, dereva alipigwa risasi, Lukman Kigozi aliuawa na adui. Fortunate alilisoma na kusema, "Khalas, yamekwisha. Hicho ndicho nilichotaka."

Ijumaa yake Shafiq alikwenda Rashidiya na simu mkononi. Mama yake alikuwa hewani kutoka Masaka. Hakuuliza habari za risasi. Aliuliza mwanawe alikuwa anafanya nini asubuhi ile.

"Alikuwa anamenya chungwa, Mama," Fortunate akajibu. "Alinipa nusu."

 Mama akasema, "Ndivyo alivyokuwa. Asante, mwanangu."

Siku kumi na moja baadaye, akivaa sare ya kazi, Fortunate alibanwa na kifua. Damu iliyoganda ilikuwa imepanda kwenye mapafu. Gari la wagonjwa lilifika haraka. Halikumuwahi.

Lillian aliniomba niseme hili kama alivyolisema: "Watu wananiambia amekufa na amani. Mimi ningemtaka hai, na risasi yake."  Nimelisema.

Tunampa pole mama mzazi wa Fortunate, Mama Harriet, kule Mbarara, na Lillian, na walinzi wote wa Al Twar. Mungu amrehemu Fortunate. Amrehemu na Lukman. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna hukumu uliyowahi kutia sahihi juu ya nafsi yako kwa kuwa tu uliletewa karatasi, kaa nayo leo. Iulize maswali.

Shafiq ndiye aliyeusindikiza mwili hadi nyumbani. Jana alinipigia kutoka huko. Ameandika maombi ya medali upya, kwa niaba ya marehemu. Nilimkumbusha kwamba muda ulishafungwa. Akasema wakimkatalia ataandika tena. Kisha akanisomea fomu. Mahali palipoulizwa uhusiano wake na askari aliyejeruhiwa, ameandika: mimi ni mdogo wake.