Wanafunzi Tisa wa Karate

Kwenye treni ya asubuhi, mwalimu wa karate alikuwa akimlalamikia mama mmoja aliyemwomba tu asogeze begi lake. "Mwaka jana nilikuwa na wanafunzi arobaini, mama. Leo wamebaki tisa! Wakishapata mkanda wa njano, huwaoni tena. Watoto wa siku hizi wavivu."

"Binti yangu hakuwa mvivu," mama akajibu. "Aliteguka mguu, akakaa nyumbani mwezi mzima. Mwalimu wake wa karate hakupiga hata simu. Alipopona akaniuliza, 'Mama, nirudi kwa nani?'"

"Mimi ni mwalimu, si yaya!"

"Haya, baba. Hao tisa, unawajua majina?"

"Wote!"

Mimi, kwenye kiti cha mbele yao, nilijifanya nasoma gazeti, ukurasa uleule tangu tulipoondoka. Mwalimu akaanza kuwataja, akihesabu kwa vidole. Majina matano yakatoka haraka. Wa sita akawa "yule mrefu," wa saba "mdogo wake." Kidole cha nane kikabaki hewani.

Treni ikasimama. Mama akabeba kapu lake, akamtakia kazi njema, akashuka. Mwalimu akachungulia dirishani, akapaza sauti: "Na huyo mrefu mwenyewe wiki ya pili hii haji!"