Papa Néhémie na Batri ya Mwaloni Iliyokimbiza Baraka

Tarehe 30 Juni 2003, Papa Néhémie Lubunga anapumzika kazi katika kituo chetu cha vijana, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Aliajiriwa Fizi-Centre mwaka 1971 kama mlinzi wa ghala, akashuka nasi Baraka kituo kilipohamia, na tangu hapo amekuwa mwalimu wa ngoma, fundi wa viti, mpiga kengele, na mtu wa kwanza kuulizwa kila kitu kinapopotea. Ofisi iliniomba ukurasa mmoja. Nimeshindwa kuufupisha, na wasomaji watanisamehe.

Wanafunzi wake wa zamani wanamkumbuka akiwamba ngozi za mbuzi mwenyewe nyuma ya jiko na kuzikausha kwa moto mpaka ziimbe. Imani yake ilikuwa moja: ngozi ikikazwa zaidi, ngoma inasema zaidi. Vita vya kwanza vilipotutawanya mwaka 1996, ngoma hizo zilibaki ukumbini. Tuliporudi tulikuta majivu. Nani alizichoma? Hatujui hadi leo. Waliolala ukumbini mwezi ule walikuwa wengi, wa kila upande, na kila tuliyemuuliza alisema alikuta zimekwisha kuchomwa.

Ndiyo maana mwanzoni mwa mwaka 2002 kituo kilinunua ngoma za kisasa kutoka Bujumbura, zile zinazokaa pamoja kwenye vyuma na kupigwa na mtu mmoja aliyeketi. Kwa bahati mbaya, kwetu zinaitwa batri, kama ile ya gari. Mkurugenzi wetu, Papa Albert, alipotangaza kanisani kwamba batri imefika, Jumatatu uwanja ulijaa watu wenye redio na taa za kuchajisha. Papa Néhémie aliwaonyesha ngoma. Waliitazama kwa muda, wakauliza waya unaingilia wapi.

Yeye mwenyewe hakuelewa vizuri zaidi. Mabeseni ya ngoma, yaani miili yake ya mbao, yalikuwa ya mwaloni, mti ambao hakuwahi kuushika, mzito kiasi kwamba ngoma kubwa ya mguu ilibebwa na wanaume wawili. Alivua ngozi zote, akaning'iniza kila beseni dogo tupu kwa kidole na kuligonga kwa kifundo, akisikiliza huku amefumba macho. Kisha akamwaga mfuko wa ngozi za akiba. Hazikuwa ngozi hata kidogo, zilikuwa plastiki. Nyingine zilikuwa angavu kama kioo, za tabaka mbili. Nyingine nyeupe, za kukwaruza kama msasa. Hapakuwa na maelezo yoyote. Alichagua zile angavu kwa sababu zilionekana ngumu, na aliwajua panya wa ghala letu. Akaziweka pande zote mbili za ngoma kubwa, akakaza skrubu mpaka ufunguo ukagoma, jinsi alivyozoea kwa mbuzi. Ndani hakuweka kitu.

Ilikuwa Jumamosi mchana, soko limejaa. Alipiga kwa mkono, mara mbili, kwa nguvu zake zote.

Sisi tuliokuwa nje hatukusikia ngoma. Tulisikia kishindo, kisha milima nyuma yetu ikakirudisha kana kwamba upande wa pili unajibu. Mimi niliinua taipureta na kukimbia nayo, na sijui kwa nini niliichagua hiyo. Soko lote lilielekea mto Mutambala. Askari wa mjini nao walishuka kwenye mahandaki yao.

Papa Néhémie, ndani, alifurahi. Aliona mwaloni umesema. Akatoka kuwauliza watu maoni yao, akakuta barabara tupu, samaki wamemwagika, sufuria ya bugali inaungua motoni. Alifikiri kidogo, akaamua kwamba vita vimefika wakati yeye yuko kazini. Akakimbia.

Alitukuta mtoni, anahema.

“Banapiga wapi?” aliuliza.

“Ku kituo!” akajibiwa. “Mabombe mbili!”

“Kituo yangu!” alilia, akashika kichwa. Alikaa chini kwenye majani. Mama Munira, jirani yetu anayeuza ndakala, dagaa wa ziwani, alimwekea mkono begani na kumpa pole. Kisha tukaona uso wake unabadilika.

“Mbili?” aliuliza polepole. “Moja nyuma ya ingine?”

“Ndiyo, Papa.”

“Bamama, munisamehe. Njo mimi nilipiga ile ngoma.”

Wengine walicheka hadi machozi. Wengine walimtukana. Mama Munira aliondoa mkono wake. Mume wake, Uledi, mwenye mashua, alikuwa ufukweni na binti yao Latifa kishindo kilipolia. Watu walimwona akimtupa mtoto ndani na kusukuma mashua majini. Tuliporudi mjini hawakuwapo. Siku zilifuatana, na hawakurudi. Ziwa lilikuwa na boti za kila namna wakati ule, na si zote zilizoacha watu wapite. Mama Munira alikaa kwenye kizingiti chake bila kuuza kitu. Kila asubuhi Papa Néhémie alikwenda kumsalimia, na kila asubuhi hakujibiwa.

Mwishowe aliomba nafasi kwa wavuvi, akavuka ghuba kwenda rasi ya Ubwari, walikokimbilia wengi. Alimkuta Uledi hai, chini ya turubai, na Latifa akicheza na watoto wa wenyeji. Alishangilia mapema mno. Ubwari yote ilikwisha kujua kwamba Baraka imechomwa, na walikuwepo waliosimulia jinsi walivyouona moshi.

“Mi natoka kule leo,” Papa Néhémie aliwaambia. “Baraka iko. Soko iko. Ile ilikuwa ngoma.”

“Papa, we ulikimbia mbele,” mzee mmoja alimwambia kwa huruma. “Haukuona yote.”

Alitusimulia baadaye kwamba watu walizungumza kwa uhakika mkubwa kiasi kwamba baada ya saa moja hivi alianza kujiuliza kama kweli ametoka Baraka. Aligusa mfukoni, akakuta ufunguo wa ngoma, akatulia.

Uledi ndiye aliyekuwa mgumu zaidi. “Weye banakutuma,” alisema. “Banataka turudie, batukamate. Kama ni ngoma, juu ya nini inalia sawa bombe?”

Papa Néhémie alifungua mdomo. Angeweza kusema lolote. “Sijui,” alijibu. “Naona ni ngozi. Ao ni ule muti. Sijui, Uledi.”

Jibu hilo, sijui kwa nini, lilimgusa Uledi kuliko viapo vyote. Walikubaliana hivi: Papa Néhémie arudi, na baada ya siku mbili, jua likiwa juu, apige tena. Uledi atasikiliza kutoka kwenye mashua, mbali na ufuko, na mtoto pamoja naye.

Mkuu wa askari alikuwa amekwisha kuipiga marufuku ngoma hiyo, kwa hasira ya mtu aliyeonekana akiingia handakini. Papa Néhémie alimwomba siku moja tu. Mkuu alikubali, kwa sharti kwamba yeye mkuu asimame pale aione. Mji ulitangaziwa mtaa kwa mtaa. Siku ilipofika Papa Néhémie alipiga kutoka ukumbini, kama mara ya kwanza, ili Uledi aitambue sauti.

Uledi aliitambua vizuri sana. Tuliiona mashua ikigeuka na kukimbilia Ubwari.

Mama Munira alipiga kelele ambayo sitaki kuieleza. Kisha akavua kitenge chake cha juu, akamwambia Papa Néhémie maneno ya kwanza tangu siku ile: “Itoe inje! Aione!”

Tulibeba ngoma kubwa hadi mchangani, mwaloni wote ule, na mkuu wa askari mwenyewe alishika upande mmoja. Mama Munira alisimama majini hadi magotini, akipunga kitenge. Papa Néhémie alipiga. Mashua ilisimama. Akapiga tena, akiinua mkono juu kabisa kabla ya kila pigo ili waone mkono kwanza na kusikia baadaye. Mashua ilikaa pale, haiendi wala hairudi, kwa muda uliotuchosha kungoja. Kisha ikageuza pua.

Walipokaribia tuliweza kumsikia Latifa, anahesabu mapigo kwa sauti na kucheka. Lakini baba yake hakufika ufukweni mara moja. Alisimamisha mashua kwenye kina na kupaza sauti:

“Naona! Lakini masikio yangu inaogopa bado! Badirisha!”

Ndipo kazi ya kuchagua ngozi ilipoanza kweli. Papa Néhémie alivua ile angavu ya upande wa kupigia mbele yetu sote, akaweka nyeupe ya kukwaruza. Alipiga. Uledi alitikisa kichwa. Alilegeza skrubu, moja na ile inayoitazama, nusu mzunguko kila upande, mpaka mikunjo ikaonekana pembeni, kisha akazikaza tena kidogo. Uledi aliinamisha kichwa, hana hakika. Mama Munira alitoka majini, akasokota kitenge chake kilicholowa na, Papa Néhémie alipovua ngozi ya nyuma, akakiingiza ndani ya ngoma kikaegemea ngozi ya kupigia. Papa Néhémie alipiga taratibu. Sauti ilitoka fupi, nene, ya chini, ikaishia mchangani, na milima haikusema kitu.

Uledi aliweka kasia ndani ya mashua. Latifa alimrukia mama yake mpaka wote wawili wakaanguka majini.

Batri hiyo imepigwa tangu wakati huo kwenye sikukuu na arusi, na hasa mwaka huu, watu wanapoanza kurudi kutoka Tanzania. Wako wanaotoka nje pigo la kwanza likilia. Papa Néhémie husimamisha wimbo, akawangoja mpaka warudi kukaa. Hajawahi kumharakisha mtu. Ngoma ndogo bado zinamchanganya: asubuhi ziko sawa, mchana sauti zimepanda, na kila mpiga ngoma anayepita humpa ushauri unaopingana na wa jana. Yeye humshukuru kila mmoja.

Jumanne atavuka ziwa hadi Tanzania kumfuata mkewe, Mama Godelieve, aliyepotezana naye katika vita vya 1998. Ujumbe mmoja unasema yuko kambi ya Lugufu, mwingine unasema Nyarugusu, na wa tatu unasema alikwisha kuanza safari ya kurudi. Tulimuuliza ataanzia wapi. Alisema ataanza kwa kuuliza.

Papa Néhémie, tunakushukuru kwa miaka yote, hata kwa ile Jumamosi. Umukute Mama Godelieve akiwa mzima, mupande naye Fizi, mulime muhogo wenu kwa amani, na usingizi wenu uwe mzito. Aksanti sana, Papa.

Solange Mlondani, kwa niaba ya wafanyakazi wa kituo