Mwenye Karatasi: Maisha ya Lowell Arden Pruitt, 1943–2023

Marehemu Lowell Arden Pruitt alizaliwa tarehe 9 Novemba 1943 mjini Ottumwa, jimbo la Iowa, mtoto pekee wa mpeleka barua Harlan Pruitt na mkewe Verna. Mama yake alikaa na uchungu siku mbili. Lowell hakuacha kulitaja jambo hilo, na sababu yake itaonekana.

Alisoma hapo hapo Ottumwa, kisha elimu ya udongo katika chuo kikuu cha jimbo hilo, akafundisha hesabu miaka mitatu. Mwaka 1970, wanafunzi wake wawili waliporudishwa kutoka vitani ndani ya majeneza, aliiweka chaki mezani akaelekea magharibi kwa gari kuukuu la kuuzia mkate. Safari iliishia Oregon, katika bonde hili, kwa vijana kumi na sita waliojiita jumuiya ya Mbingu Wazi.

Kila aliyeingia alitupa jina lake la zamani. Dale Kowalczyk akawa Mto. Corinne Haas akawa Umande. Lowell alikataa. "Mama alihangaika siku mbili kunileta duniani," alisema. "Jina alilonipa silivui kama soksi." Wakamcheka, wakamwita Bwana Serikali.

Tarehe 17 Mei 1971 walikwenda wote kuandikisha ekari themanini na mbili walizonunua kwa mchango. Karani alisoma fomu: Mto, Umande, Mwerezi, Ngurumo. Akavua miwani. "Jamani, hapa hakuna hata mmoja mwenye jina?" Lowell peke yake ndiye aliyekuwa na leseni ya udereva iliyolingana na alivyojiita, na hati ikaandikwa kwa jina lake. Basi watu walioapa kwamba ardhi haina mwenyewe wakarudi nyumbani wakiwa na mwenye ardhi. Walisema watarekebisha wiki ijayo. Wiki hiyo ilichukua karibu miaka hamsini na miwili.

Lowell alilibeba kosa hilo kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Alihamia kibanda kilichokuwa cha kuku, asije mtu akasema amejipendelea. Katika vikao, ambako hakuna lililopita hadi kila mmoja akubali, alikaa karibu na mlango, na yalipozungumzwa ya ardhi alinyamaza. "Mwenye karatasi hana kauli," alisema. Kazi yake ilikuwa maji. Mfereji wa kutoka chemchemi hadi jikoni aliuchimba mwenyewe, na kila peasi linaloliwa bondeni leo limenyweshwa nao.

Alimwoa Umande tarehe 21 Juni 1972, kwa mkate, jibini ya mbuzi na mvua isiyoalikwa. Mwaka 1974 walimpata binti, wakamwita Nuru ya Alfajiri. Alipotimiza miaka kumi na minane, binti alikwenda mahakamani akajiita Anne. "Nataka mlango wenye kitasa," alimwambia baba yake, "na viatu ambavyo hajavivaa mtu." Lowell alimsindikiza hadi barabarani. "Anne ni jina zuri," alisema. "Litunze. Ipo siku karani atakuuliza."

Kabla ya hapo, mwaka 1984, baridi kali ilikuwa imewabakiza watu sita. "Uza, bwana," Mto alimwambia. "Sahihi yako moja tu, kila mtu akatafute joto lake." Mara hiyo moja Lowell hakunyamaza. "Niletee wote tuliokwenda kwa karani. Kila mmoja aseme ndiyo, nitauza kesho yake." Mto aliwasaka mwaka mzima. Aliwapata watano. Hakuna aliyesema ndiyo, na watatu walirudi kuishi.

Umande alifariki mwaka 2009. Mwaka 2019 Lowell alipata ugonjwa wa kutetemeka, na hofu yake ikawa moja: kufa akiwa bado na bonde. Vikao thelathini vya kuandika hati ya kuikabidhi ardhi kwa jumuiya vilikuwa vimekwama kwenye neno "mmiliki". Januari 2023 Anne alirudi kumuuguza. Ndiye mrithi pekee, angesubiri tu ardhi iwe yake. Badala yake alichukua kalamu, akafuta "mmiliki", akaandika "watunzaji". Ikapita bila upinzani.

Tarehe 3 Machi, jikoni, mwanasheria alisema alama ya msalaba ingetosha badala ya sahihi. Lowell alikataa, akaandika jina lake lote kwa dakika arobaini. Anne alishika karatasi, hakushika mkono.

"Haya, Bwana Serikali," Mto alisema, "sasa chagua jina jingine."

"La nini, ndugu yangu? Hili limemaliza kazi. Liache likae."

Alifariki asubuhi ya Jumanne, 11 Aprili 2023, kibandani kwake, mlango ukiwa wazi, mipeasi ikichanua.

Ameacha binti, Anne, mjukuu, Verna, rafiki yake Mto, na wakazi ishirini na watatu, tisa kati yao watoto ambao hawajui kwamba bonde hili liliwahi kuwa la mtu. Anne ameomba chumba cha kuishi. Kitasa kimekubaliwa kwa kauli moja.

Apumzike kwa amani, kando ya mfereji wake, katika ardhi ambayo hatimaye si yake.