Jina Lililohamia Lugha Tatu

Kijiwe chetu kinatazamana na zahanati moja ya binafsi, Bariadi mjini, mbele ya kibanda cha kuchapa barua. Wanaume wawili hushinda hapo na kompyuta magotini: Mashimba, tunayemwita Tagi, na Cyprian, mgeni wa mkoa, tunayemwita Dirisha. Jilala wa bodaboda huja kunywa kahawa na kupinga kila kitu. Kazi yenyewe niliichukua mimi, Harieth: skrini ya kuita wagonjwa, jina baada ya jina. Leo saa nane mchana daktari anataka jibu, iwake au iondolewe. Na nina hasira. Jana mama mmoja kutoka Kimali alisoma pale juu jina la mtu aliyemzika yeye mwenyewe, akambeba mtoto wake mwenye homa, akaondoka bila kutibiwa.

— Tuchague lugha moja, nikasema. Moja! Skrini hii mmeshaiandika kwa lugha tatu za kompyuta.

— HTML, akasema Tagi. Ya kurasa za mtandao. Unaandika kilichomo tu: unafungua orodha, ndani yake mstari, ndani ya mstari jina, kisha unafunga. Ukisahau kufunga, inakusamehe.

— Umesikia? Dirisha akapiga paja. Inakusamehe! Lugha gani ya kulea uzembe? XAML yangu, ya programu za Windows, haina huruma. Usipofunga tagi, ile alama uliyofungulia, skrini haifunguki.

— Si ndiyo uliyoandika juzi? Jina la marehemu halikutokea? nikamuuliza.

Dirisha akanywa kahawa kwanza.

— Lilitokea.

— Na kwenye QML, ile lugha ya tatu?

— Mstari wa nne, akasema Tagi. Palepale.

Jina ni Kashinje Bujiku, bibi yake Tagi, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Tagi alitaka jina la mfano ili apime upana wa mstari. Akaogopa kumweka mtu aliye hai kwenye foleni ya wagonjwa, asije akamwitia ugonjwa. Akamweka marehemu, kwa kuwa marehemu haugui tena. Nilipomuuliza kwa nini hakuandika tu “Mgonjwa wa Mfano”, alinitazama kana kwamba nimemtukania ukoo.

— Nimelifuta, dada Harieth. Mafaili yote matatu. Tafuta mwenyewe.

Nilishatafuta. Halimo.

— Basi ni mashine, nikasema. Imehifadhi ukurasa wa zamani.

— Jana nilichomeka ya kwangu, akasema Dirisha. Haijawahi kuona faili la Tagi.

— Mimi siyo msomi, akaanza Jilala.

— Lakini utasema.

— Nitasema, mayu, mama yangu. Si mnasema hizi lugha zinafungua na kufunga? Huyu kamfungulia bibi yake mstari. Nani kamfungia? Anafuta tu, anafuta tu!

— Upuuzi, nikasema.

— Subiri. Lugha ya kwanza, mkamjengea nyumba. Ya pili, nyumba. Ya tatu, nyumba. Bibi ana miji mitatu sasa. Andikeni ya nne muone, atahamia na ng'ombe wake.

Dirisha alicheka peke yake.

— Siyo jina linalonisumbua, akasema Tagi taratibu. Jana lilitokea na umri. Mimi sikuweka sehemu ya umri. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweka.

— Umri gani?

— Sabini na nane. Tulimzika ana sabini na tano.

Nikapandisha sauti.

— Nisikilizeni! Wiki nzima mnabishana lugha ipi ni kali, lugha ipi ni ya kisasa. Nani kati yenu ameuliza ni nani atakaa chini ya hiyo skrini? Televisheni ya zahanati inafungua kurasa za mtandao, basi. Muuguzi akikosea jina, alirekebishe mwenyewe bila kutupigia simu. Ni HTML. Naandika mimi, kutoka mstari wa kwanza, na Tagi hagusi kitu. Mtoto mwingine asirudishwe nyumbani na homa yake kwa sababu ya ubishi wenu!

Wakati huo Apolonia, muuguzi wa mapokezi, alikuwa anavuka barabara kuja kwetu. Hana hata mwezi Bariadi.

— Habari zenu. Harieth, ile skrini si mmezima?

— Tangu jana jioni.

— Ndiyo nilivyomwambia. Kuna bibi amekaa kwenye benchi tangu asubuhi. Namwita aje nimwandike, hataki. Ananyoosha kidole kwenye skrini, anasema ameshaandikwa, anasubiri jina lake lirudi.

— Anaitwa nani?

— Kashinje. Kashinje Bujiku.

— Ni wajina wake, nikasema haraka. Huku majina yanarithiwa, Apolonia. Wajina tu.

— Sijui mie, mgeni. Sina kadi yake hata moja. Nimemuuliza nani kakuandikisha, anasema mjukuu wake, anashinda hapa kijiweni. Ni nani kati yenu?

Dirisha akaangalia chini. Jilala akaangalia pikipiki yake. Mimi nilimgeukia Tagi. Alikuwa ameifunga kompyuta na kusimama, macho yakiwa ng'ambo, mlangoni pa zahanati. Kisha akainamisha kichwa kidogo na kuanza kuitikia, kwa Kisukuma, salamu ambayo sisi wengine hatukuisikia.