Barua Isiyomtaja Mwombaji

— Hivi hao wa chuo kikuu, fomu zikija mia tano na nafasi za kuhamia ni sita, wanaangalia nini hasa?

Mama Kahawa aliuliza huku akimimina kahawa kijiweni kwake, swali likapotea na mvuke. Hoja, binti anayemwoshea vikombe mwaka wa pili sasa huku akisoma diploma chuo cha mtaani, alikaa ncha ya benchi, fomu mapajani. Alitaka kuhamia chuo kile kinachochuja watu kama chai. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa barua ya mtu anayemjua nje ya darasa, na mwisho ni leo saa kumi. Alikuwa amemwomba Mama Kahawa aiandike. Lakini siku tatu zilizopita wateja wawili wasiobanduka kwenye benchi waliiteka kazi hiyo.

— Wanaangalia mwandiko, alisema Wakili, fundi viatu asiyewahi kuingia mahakamani hata kupiga kiwi.

— Mwandiko wapi! alidakia Spika, kinyozi. Bahasha inawekwa kwenye mizani. Nyepesi, kapuni!

— Acha fiksi, uongo mtupu huo, alisema Wakili.

— Shemeji yangu alifagia pale! Kuna chumba kizima cha mizani.

— Basi mimi nakwambia wanatuma mtu kuja kukuchungulia. Anaweza kuwa hata yule anayenunua vocha pale dukani.

Wote wakageuka kumtazama mnunuzi wa vocha. Spika akafunga kifungo cha shati.

— Wajomba, saa nane na nusu hiyo, alisema Hoja. Nisomeeni mlichoandika.

Wakili akakohoa.

— “Kijiwe chetu kilianza na benchi la miguu mitatu. Mwanzilishi, fundi viatu mashuhuri…”

— Na kinyozi mashuhuri! Umeniruka tena!

Ukurasa mzima ukaisha hivyo. Hoja damu ikamchemka. Kwenye midahalo ya chuo amewanyamazisha watu wenye tai. Hapa, kwenye barua yake mwenyewe, hata nukta hajapewa.

Mwanamke mmoja mgeni alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kiatu kilichoachia soli mkononi.

— Samahanini. Huyo binti anakwenda kusomea nini?

Wakili akamtazama Spika. Spika akatazama mkasi wake.

— Si… mambo ya vyuo, alisema Wakili.

— Siku tatu! Hoja alisimama. Siku tatu mnanipeleka chuo kikuu na hamjui naenda kufanya nini! Uhandisi wa maji, wajomba! Chuo changu kinaishia kwenye kufunga bomba. Mimi nataka kujua kwa nini bomba la mtaa huu linatoa maji siku linapojisikia, halafu nilitengeneze.

— Kumbe zile alama za chaki ukutani kwangu! alipiga kelele Mama Kahawa.

— Ndizo, mama. Nilichora moja kila siku maji yalipotoka. Miaka miwili.

Mama Kahawa alicheka hadi birika likamtikisika mkononi. Wakili akachana ukurasa wake mwenyewe, naye akicheka. Spika akakimbilia kibandani kwake kuleta karatasi safi. Hasira zote zikamwishia Hoja. Akampangusia Mama Kahawa kona ya meza, akampa kalamu.

— Mama, naomba uandike ulichokiona wewe.