Safari ya Polepole ya Mwalimu Gachoki

Wazee wetu, wachungaji, majirani na wanafunzi wa Mwalimu, familia imempa ndugu yake mdogo, Gichovi, kazi ya kuwasomea haya, nanyi mkimsikia akirudia mstari, mvumilieni.

Marehemu Erastus Gachoki alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa Ishiara, kifungua mimba wa watoto wawili, akasoma shule ya msingi papa hapa, kisha sekondari Embu, na kila likizo alirudi akiuliza kwa nini chai hupoa lakini haijawahi kujipasha moto yenyewe, hadi mama akamkataza kugusa sufuria.

Mwaka wa 1985 alianza kufundisha fizikia karibu na Kiambere, akafundisha miaka thelathini na sita, na kila kidato cha nne kilimwona akimimina maji moto na maji baridi katika beseni moja, kisha akiwaambia wanafunzi wayatenganishe, wakacheka, naye akaandika ubaoni neno entropia, ingawa halimo kwenye mtihani, akaeleza kwamba ni kipimo cha jinsi joto linavyotawanyika lisikusanyike tena lenyewe, na kwamba jambo linaloweza kurudi lilikotoka bila kuacha alama ni lile tu linalokwenda kwa hatua ndogo mno, polepole mno, nalo liko vitabuni tu, maana lingetaka muda usio na mwisho.

Tarehe 19 Agosti 1989 alimwoa Carol Kaari wa Githongo, Mungu akawajalia binti mmoja, Sheila, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1991, na nyumba ile ilijaa vicheko mpaka tarehe 12 Desemba 2009, siku aliyozikwa mama yake Carol, ambapo Mwalimu hakwenda mazishini, alibaki akisahihisha mitihani, na Carol, jamani, akabaki kwao.

Wazee walimwambia hilo ni jambo la siku moja, achukue kondoo dume na asali, waandamane naye Githongo, aombe msamaha, mke arudi, lakini alikataa, akasema kwenda kwa kishindo ni kumimina maji moto kwenye baridi, yeye atayarudisha mambo hatua kwa hatua, haraka haraka haina baraka, na Gichovi akamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, wakanuniana mwezi mzima. Basi mwaka wa kwanza akatuma salamu kupitia kwa Sheila, wa pili akatuma kibaba cha ndengu, wa nne akapiga simu akauliza habari za mvua tu, mwaka wa 2017 akafika Chuka, akanywa chai, akarudi, mwaka wa 2021 akafika Nkubu, akarudi, na tarehe 2 Machi 2024 akafika soko lenyewe la Githongo, akamwona Carol ng'ambo ya barabara akichagua nyanya, akarudi. Nyumbani alikula peke yake, sahani ya pili ikiwa mezani imefunikwa, na tuseme ukweli, alikuwa mpweke, mpweke hata redio aliiaga akitoka.

Alikuwa amepanga kufika langoni kwa Carol Desemba hii, lakini figo zilianza kumsumbua mwezi wa Mei, akalazwa Embu mara tatu, akatuacha tarehe 11 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Juzi Carol alimweleza Gichovi kwa simu kwamba siku ile sokoni alimwona, akaziacha nyanya, akakimbia nyumbani, akapika chai ya watu wawili, akafungua lango, akakaa hadi chai ikapoa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, jirani yetu Muriuki aliyemlishia ng'ombe, na wote mliotufariji.

Carol yuko hapa mstari wa mbele, amefika leo asubuhi kutoka Githongo, bila wazee, bila kondoo, na safari yote imemchukua saa tatu. Pumzika kwa amani, kaka yangu.